Watumwa wa Mashamba ya Karafuu: Maswali na Majibu

Mtu wa Getanuwas, Hanang, akitafuta kazi ya palizi husema anakwenda kibaruani. Neno hilo limetoka mbali. Katika Zanzibar ya karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa tajiri mwingine. Ujira ulilipwa kwa siku, na sehemu yake ikaishia mkononi mwa bwana.

Mashamba ya karafuu yalianzaje?

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne hiyo. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ndiye aliyeikuza: aliamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikaongoza kwa karafuu.

Watumwa walitoka wapi?

Wengi walitoka bara, Wayao, watu wa Nyasa, Wamanyema na wengineo, wakivushwa kupitia bandari kama Kilwa. Waliozaliwa visiwani waliitwa wazalia. Na hili halisemwi sana: misafara ilikwenda bara na vitambaa vya merikani, vilivyofumwa Massachusetts kwa pamba ya kusini mwa Marekani. Mtumwa wa kule alichuma pamba iliyokuja kumnunua mtumwa wa huku.

Kazi ilikuwaje?

Karafuu haisubiri. Huchumwa kabla ua halijafunguka. Ikichanua, thamani imekwenda. Mchumaji hupanda mti, huvuta tawi, huvunja kishada kimoja kimoja. Kisha watu huketi chini kuzichambua, karafuu huku, makonyo kule. Huanikwa kwenye majamvi siku kadhaa mpaka zikauke na kuwa nyekundu nyeusi, na wingu likitanda zinaanuliwa mbiombio. Juu ya watumwa alikuwapo msimamizi, chini yake nokoa na kadamu, ambao mara nyingi nao walikuwa watumwa. Alhamisi na Ijumaa, kwa desturi, mtumwa alilima muhogo wake. Wapo wanaouita huo upole. Mimi naona bwana alijiepusha na kazi ya kumlisha.

Utumwa ulikoma lini?

Haukukoma siku moja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, likafungwa. Mashambani hali ilibaki ileile. Amri ya Aprili 1897, ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ilimruhusu mtumwa kudai uhuru, lakini sharti aende mahakamani mwenyewe, kisha aonyeshe ana makao na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakupewa hata pesa moja. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Ukiisoma kwa makini, ni amri iliyomhurumia zaidi mwenye mikarafuu.

Na huku bara?

Wajerumani walipotawala bara hawakuufuta utumwa. Waliagiza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Sheria iliyoufuta katika Tanganyika nzima, Mbulu na Hanang zikiwemo, ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Kule Marekani ulikuwa umefutwa tangu 1865.