Nguvu ya Mawimbi ya Wi-Fi Hospitalini: Kikomo na Sababu Yake

Mtandao wa Wi-Fi usipofika wodi ya mbali, katika hospitali kama ile ya rufaa ya Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi, wazo la kwanza huwa ni kuongeza nguvu ya ruta. Nguvu hiyo ina kikomo. Msimamizi wa masafa nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Wengi hudhani kikomo hicho huwekwa kwa hofu ya mionzi. Sivyo hasa. Katika masafa ya gigahezi 2.4, nchi za Ulaya huruhusu miliwati 100, yaani dBm 20. Umbali wa mita moja, mawimbi hayo huwa chini ya wati 0.01 kwa mita ya mraba, ilhali kiwango cha kimataifa cha ICNIRP kwa umma ni wati 10. Kinacholindwa ni anga inayotumiwa na wote: baadhi ya mashine za kufuatilia mapigo ya moyo hurusha taarifa katika masafa hayohayo, na ruta yenye nguvu kupita kiasi huweza kuzikatiza.

Isitoshe, mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, simu ya muuguzi haipati nguvu ya kujibu.

Hivyo, fundi achague Tanzania katika mipangilio ya ruta, kisha ahesabu pia antena: dBm 17 pamoja na antena ya desibeli 3 tayari ni dBm 20. Wodi ya mbali ipewe ruta yake, iliyounganishwa kwa waya.