Mfumo Ukigoma, Ripoti Hivi

Mkazi wa Marani, umelipia leseni ya duka kwa simu. Pesa zimekatwa, lakini mfumo bado unaonyesha deni. Usilipe mara ya pili, wala usiishie kusema "sistimu iko dauni". Fundi hawezi kurekebisha kosa asiloweza kuliona.

Mweleze mambo manne:

1. Tarehe na saa.
2. Hatua ulizofuata, moja baada ya nyingine.
3. Ulichotarajia na kilichotokea. Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, au piga picha ya skrini.
4. Namba ya muamala wa M-Pesa. Namba yako ya siri usimpe yeyote.

Ripoti kwa maandishi, uombe namba ya kumbukumbu na uulize utajibiwa lini.

Ukiambiwa ni wewe peke yako mwenye tatizo, usinyamaze. Nchini Uingereza, wasimamizi wengi wa posta walioripoti hitilafu za programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, waliambiwa vivyo hivyo. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya 900 walipatikana na hatia kwa sababu ya hesabu zenye makosa.

Ukitaka kujua kampuni iliyotengeneza programu imejibu nini, andikia ofisi husika ombi la habari. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombi hilo linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman.