Punda Mwenye Hofu na Hatamu Iliyolegea

Katika nyanda kavu za Dodoma farasi ni nadra, lakini punda huchukua maji, kuni na nafaka, na mara nyingi mpandaji wake ni mtoto.

Mfuko wa plastiki upeperushwapo njiani, punda husimama ghafla. Husemwa kuwa ni mkaidi, kumbe anachunguza. Macho yake, yaliyo pande mbili za kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Ili akitambue kitu hana budi kuinua au kugeuza kichwa. Mpandaji avutaye hatamu kwa nguvu wakati huo humzuia kutazama, tena humwongezea maumivu juu ya hofu. Na hapo ndipo madumu humwagika, au mtoto huanguka.

Maumivu hayo yana hesabu yake. Kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo. Darasani, mzigo wa kilo 1 utundikwe kidoleni kwa uzi, kisha kwa utepe wenye upana mara 10 ya uzi huo: kanieneo hupungua kufikia takriban sehemu moja ya 10. Kamba nyembamba mdomoni mwa punda ni kama ule uzi.

Tena mnyama hajifunzi kwa kuvutwa, bali kwa kuachiwa. Hatamu ivutwe kidogo, na punda atiipo, hata kwa hatua moja, ilegezwe papo hapo. Ikichelewa, hatambui ni kitendo gani kilichomletea nafuu. Avutwaye mfululizo huuzoea mvuto, kama sikio lizoeavyo kelele za mashine ya kusaga, na kesho mpandaji hulazimika kuvuta zaidi.