Maua ya Madebeni Wakati wa Kaskazi

Kila mwaka ifikapo kaskazi, baina ya Disemba na Machi, tunaletewa malalamiko yale yale: miasumini ya madebeni imenyauka, na miche ya mikarafuu iliyo katika vikopo imeungua ncha za majani. Mwenyewe huapa kwamba amemwagilia asubuhi na jioni. Nasi twamsadiki, na pengine ndiko kulikoiua.

Jambo hili hatukulifahamu sawasawa mpaka tulipokwenda bara, tukatoka Karatu na kupita Mto wa Mbu hata Engaresero, kijiji kilicho chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Nchi ile ina joto kali na mvua haba. Ziwa lenyewe ni la magadi, na mlima ulipolipuka mwaka 2007 na 2008 ulitupa majivu mengi. Katika ua wa nyumba tuliyofikia palikuwa na madebe ya maua, mengine yamechanua, mengine yamekufa, nayo yote hunyweshwa maji mamoja na mtu mmoja. Tukainama kutazama. Yaliyokufa yalikuwa na ukoko mweupe juu ya udongo, na chini hayakutobolewa. Yaliyo hai yalikuwa na matundu.

Sababu ni hii. Maji ya kisima au ya mto huwa na chumvi kidogo ndani yake, hata ukiyaonja huisikii. Jua huyanyanyua maji na kuiacha chumvi. Shambani masika huja yakaiosha. Katika debe lisilo tundu haina pa kwenda. Anayetia kikombe kimoja kila jioni hulowesha juu tu na kuongeza chumvi, mpaka mizizi ishindwe kunywa na huku udongo umelowa. Wenzetu wenye visima vya karibu na pwani wasidhani kwamba mambo haya ni ya Engaresero peke yake.

Basi toboa matundu matano au sita ya upana wa kidole, ukaliinue debe juu ya mawe mawili. Watu hupenda kujaza kokoto chini; hazisaidii, maana maji hukawia juu yake. Kigae kimoja juu ya kila tundu chatosha. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga wa mto sehemu moja. Mchanga wa pwani, hasha! Na makumbi ya nazi yaroweke kwanza na kuyasuza, kwani nayo huwa na chumvi.

Mwagilia asubuhi, polepole, mpaka maji yatoke chini. Kisha usirudie hata uchomeke kidole na kuona udongo umekauka. Debe la bati likipigwa na jua huichoma mizizi, kwa hivyo lifunike ubavuni kwa makuti, ua lenyewe lipate mwanga.

Waridi la jangwani hustahimili jua na kiu kuliko yote, ila utomvu wake ni sumu, watoto wasiuchezee. Kuna na ua moja la kwetu ambalo wataalamu wa Uingereza mwaka 1882 waliliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo huitwa Impatiens walleriana na huuzwa vyunguni dunia nzima. Hilo lataka kivuli: likianikwa jua la saa saba, Sultani huanguka kifudifudi.

Mwenye miche ya mikarafuu katika vikopo na aikague wiki hii. Akiona ukoko mweupe, akwangue udongo wa juu, atoboe chini, auoshe udongo kwa maji ya mvua mara tatu mfululizo, na auweke mche chini ya makuti. Majani yaliyoungua hayaponi; atazame machipukizi.