Somo la Kilimo: Kusia Mbaazi kwa Wakati Wake

Mbaazi ni mmea wa kudumu, ingawa wakulima wengi wa Nachingwea na Ruangwa huutazama kama zao la msimu mmoja tu. Ukiachwa shambani, shina lake huwa gumu kama mti, huchanua tena mwaka wa pili, na huweza kuishi miaka mitatu au zaidi. Jambo hilo lina faida yake na lina hatari yake, na yote mawili huanzia katika mbegu anayoshika mkulima siku ya kusia.

Mvua za kanda hii ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, mara nyingi hukatika kwa majuma kadhaa kati ya Januari na Februari, kisha hurudi hadi Aprili. Wakati ufaao wa kusia mbaazi ni mara ardhi inapolowa sawasawa, yaani Desemba au mapema Januari, pamoja na mahindi au mtama. Manyunyu ya kwanza yasimdanganye mkulima. Punje iliyofukiwa katika udongo uliolowa juu tu huvimba, huanza kuota, kisha hufa.

Yafaa kueleza sababu ya haraka hiyo, kwa kuwa wengi hudhani kwamba aliyechelewa kusia atachelewa kuvuna tu. Sivyo. Mbaazi za asili za muda mrefu huchanua kwa kufuata urefu wa mchana: siku zinapokuwa fupi na hewa inapopoa, kuanzia Mei kwenda Juni, mmea hutoa maua hata kama haujakua vya kutosha. Mbaazi iliyosiwa Desemba hufikia wakati huo ikiwa ndefu kuliko mtu na yenye matawi mengi. Iliyosiwa Machi nayo huchanua karibu wakati ule ule, lakini ikiwa kijiti chenye matawi machache. Aliyechelewa hapotezi siku, hupoteza matawi. Na tawi ndilo libebalo maua.

Kabla ya kusia, mbegu ipimwe. Punje 100 zihesabiwe bila kuchagua, zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, nazo ziwekwe kivulini kwa juma moja. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota chini ya hapo, idadi ya punje kwa shimo iongezwe. Zikiota nusu tu, ni heri kutafuta mbegu nyingine. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na katibu wa chama cha msingi anaweza kukifanya mbele ya wanachama siku ya mkutano.

Nafasi ya mita moja na nusu kati ya mistari na nusu mita kati ya mashimo huwafaa wengi. Kwa nafasi hiyo ekari moja ina mashimo 5,400 hivi. Punje tatu zikitiwa kila shimo, zitahitajika punje 16,200. Na kwa kuwa punje 100 za mbaazi kubwa huwa na uzito wa gramu 15 hivi, kilo mbili na nusu hadi tatu zatosha ekari nzima. Mkulima anayemaliza kilo sita hatii mbegu nyingi, anatupa chakula. Kina kiwe sentimita tatu hadi tano, na miche ipunguzwe hadi miwili ingali midogo.

Katika majuma sita au manane ya kwanza mche wa mbaazi hukua polepole mno. Hapo ndipo magugu huushinda, na palizi mbili za wakati huo hazina mbadala.

Sasa hatari iliyotajwa mwanzoni. Ugonjwa wa mnyauko huletwa na kuvu aishiye udongoni na katika mabaki ya mashina kwa miaka kadhaa. Mmea huonekana mzima hadi unapokaribia kuchanua, kisha hunyauka ghafla. Gome likibanduliwa, ndani huonekana michirizi ya rangi ya kahawia au nyeusi. Desturi ya kukata mashina baada ya mavuno ili yachipue tena huokoa mbegu na jasho, lakini katika shamba lenye mnyauko huutunza ugonjwa kutoka mwaka hadi mwaka. Shamba safi laweza kuachwa lichipue. Lililougua ling'olewe, mashina yachomwe, na kwa miaka mitatu au zaidi lipandwe mahindi au mtama. Aina ya Mali, iliyotolewa nchini mwaka 2002, huvumilia mnyauko kuliko mbegu nyingi za asili.

Mbegu ya mwaka ujao ichaguliwe mimea ikiwa imesimama. Mashina yenye afya yafungwe kitambaa wakati wa maua, nayo yavunwe peke yake. Anayechota mbegu katika gunia la mavuno hawezi kujua punje ipi ilitoka kwenye shina lililokuwa likifa. Tena nyuki huchanganya mbaazi za mashamba jirani, kwa hiyo mashina ya mbegu yawe katikati ya shamba, mbali na aina nyingine. Kwa ajili ya nyuki hao, dawa ya funza wa maua inyunyizwe jioni.

Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuingizwa nchini humo, bei ilianguka na wakulima wengi waliuza kwa hasara. Bei ya namna hiyo haiamuliwi Nachingwea wala Ruangwa. Lakini aliyetumia kilo tatu za mbegu yake mwenyewe kwa ekari alipoteza kidogo kuliko aliyekopa mbegu, na mashina yake yaliyo mazima yalikuwa tayari kuchipua.

Mbegu iliyochaguliwa ikaushwe hadi punje ing'atwapo ivunjike bila kubonyea, kisha ihifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa, kilichojazwa hadi juu. Fukusi huanza kutaga mayai yao mbaazi zikiwa bado shambani, kwa hiyo gunia la kawaida lililofungwa vizuri halitoshi.