LUGHA AU FASIHI: TUCHAGUE LIPI?

Na Mwanachama, Kidato cha 4

Likizo iliyopita mdogo wangu wa Gredi ya 9 aliniuliza, "Kaka, nichukue Fasihi ya Kiingereza ama niiache? Vitabu vyenyewe vinene ajabu!" Nilitaka kumcheka, kumbe hata mimi sikuwa na jibu.

Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, Fasihi ya Kiingereza ilikuwa na mtihani wake. Mfumo huo ukaiunganisha na lugha. Ndiyo maana sisi tunaongojea K.C.S.E. hatuchagui. Katika karatasi ya tatu, alama 20 ni za insha ya kubuni na 40 ni za vitabu teule. Ukivikimbia vitabu, umezitupa! Ndugu zetu wa sekondari pevu ndio wenye kuchagua. Kwao Kiingereza ni lazima, lakini Fasihi ya Kiingereza ni somo la hiari katika mkondo wa Sayansi za Jamii.

Je, tofauti ni nini? Hebu tutazame sentensi hii: "Mama alifunga mlango polepole." Mwalimu wa lugha atauliza, "polepole" ni neno la aina gani? Utajibu kielezi, basi, umemaliza. Mwalimu wa fasihi atauliza, mbona polepole? Pengine mtoto amelala. Pengine mama anamwogopa mtu aliye ndani. Majibu ni mengi, ila sharti utoe ushahidi kutoka kitabuni.

Kwa hivyo, anayependa maswali ya "mbona", ama anayetamani uanasheria, ualimu au uandishi wa habari, fasihi itamfaa. Mwenye moyo wa hesabu na sayansi, Kiingereza cha lazima kitamtosha darasani, lakini asiache kusoma hadithi. Msamiati hauokotwi katika sarufi peke yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kosa ni kuchagua kwa kuogopa unene wa kitabu, au ati kwa sababu rafiki yako amechagua.

Mdogo wangu nilimpa riwaya yangu, nikamwambia asome kurasa 10 tu kisha aamue. Siku ya tatu nikaitaka nidurusu. Akakataa katakata kuirudisha!

Wenzangu, waambieni wadogo zenu wajaribu hivyo kabla ya kujaza fomu.