Mume na Mke Watembelea Mombasa: Somo la Safari, Joto na Mji wa Kale

Wahenga walisema, "Tembea uone." Maneno hayo ni mawili tu, lakini maana yake ni pana. Hawakusema "Tembea ufike," wala "Tembea usifiwe." Mtu aweza kusafiri mamia ya maili akarudi kwake bila ya kuona kitu, na mwingine aweza kuketi saa moja juu ya baraza ya mwenyeji, akaondoka na elimu ya kumfaa maisha yake yote.

Ili kuieleza tofauti hiyo, tuseme kuna mume na mkewe wakaao kando ya Ziwa Victoria, karibu na Kisumu. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi, na mke ni mchuuzi wa samaki. Wameoana miaka ishirini, wala hawajapata kuiona bahari. Wakaweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili, na likizo ya mwezi wa Agosti ilipofika, wakafunga safari ya Mombasa. Jirani zao waliwacheka. Walisema kwamba fedha hizo zingetosha kununua mabati ya nyumba mpya waliyokuwa wakiijenga. Je, ni busara mtu wa kipato kidogo kutumia akiba yake kwa kutazama nchi? Hilo ndilo swali la somo hili.

NJIA YA KUTOKA ZIWANI HADI BAHARINI

Kenya ni nchi kubwa. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 580,000, na hali ya hewa yake si moja. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Mume na mke hawa waliifuata njia hiyo kinyume chake. Walipanda basi hadi Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake wakatetemeka kwa baridi. Kutoka huko wakapanda treni ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017.

Mchana wakaivuka nchi ya Tsavo, yenye udongo mwekundu na vichaka vikavu. Baada ya hapo ikaja Nyika ya Taru. Watu wa misafara ya zamani waliiogopa sana nyika hiyo kwa sababu ya uhaba wa maji. Aliyeikosea njia aliweza kufa kwa kiu. Leo msafiri huivuka ameketi kitini. Mke alitazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, watu walipita hapa kwa miguu, na mizigo kichwani?" Mumewe alikuwa amewafundisha watoto habari za misafara kwa miaka mingi, lakini siku hiyo ndipo alipoielewa.

KWA NINI JOTO LA PWANI HUMCHOSHA MGENI

Kisumu nako kuna joto, na kwa hiyo mwalimu hakuwa na hofu. Siku ya kwanza alikwisha andika katika daftari mahali kumi na mbili pa kutazama, akatoka nje saa sita za mchana bila ya kofia. Kwanza alikwenda kuyaona Mapembe ya Ndovu yaliyo juu ya barabara ya Moi, ambayo habari zake zaanza mwaka 1952, wakati wa kumpokea Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kabla ya saa tisa kichwa chamwuma, macho yaona kiwi, na miguu haina nguvu. Mkewe akamketisha chini ya mwembe, akamnunulia madafu mawili, akalifunga daftari lile na kulitia mkobani mwake.

Sababu yake ni hii. Mwili wa mtu hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Katika nchi kavu jasho hukauka upesi, wala mtu hajui kwamba ametoka jasho. Pwani hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho hutiririka lakini halikauki upesi, na joto hubaki mwilini. Miezi ya joto jingi Mombasa ni tangu Januari mpaka Aprili. Miezi ya Juni mpaka Septemba ni nafuu, maana upepo wa kusi huvuma; hata hivyo mgeni hana budi kujihadhari. Yafaa atembee asubuhi na alasiri, apumzike mchana, avae nguo nyepesi, na anywe maji kabla ya kushikwa na kiu. Aonapo kizunguzungu au kichefuchefu, na akimbilie kivulini mara moja, apepewe na kumwagiwa maji. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali bila ya kukawia.

Kadhalika asisahau chandalua. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, mtu wa Ujerumani, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wake mchanga akafa pia. Wakazikwa barani, ng'ambo ya kisiwa. Mume alibaki peke yake, akajifunza Kiswahili cha Mombasa kwa bidii. Na kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka 1897. Sasa lajulikana na kila mtu, na asiyelala ndani ya chandalua hana udhuru.

NGOME NA WATU WALIOFIA HUMO

Siku ya pili waliondoka mapema kwenda Ngomeni. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea kwao na kumbatiza, aliasi, akamwua kapteni wa ngome na kuitwaa. Wareno wakarudi mwaka uliofuata.

Mwezi wa Machi 1696 jeshi la Oman likaizingira. Mazingiwa hayo yalidumu miezi 33. Ndani hawakuwamo Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili pia, waume kwa wake. Maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 jahazi la vita la Wareno lililoleta msaada, Santo António de Tanná, lilizama mbele ya ngome, na mabaki yake yalichimbuliwa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977. Waarabu wa Oman walipoingia mwezi wa Desemba 1698, waliowakuta hai walikuwa wachache mno.

Baadaye Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, tangu mwaka 1895 mpaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu alistaajabia mizinga. Mkewe alisimama mbele ya kisima, akauliza, "Wanawake waliokuwamo humu, waliwapa nini watoto wao miezi yote hiyo?" Mwalimu hakuwa na jibu. Swali la mkewe lilimfundisha kuitazama ngome kama mahali walipoishi watu.

Wareno walikwenda zao, lakini waliacha maneno. Meza, bendera na mvinyo ni maneno yao. Na leso pia, ndiyo kanga kwa jina lake la Mombasa. Mke alinunua doti moja katika mtaa wa Biashara, baada ya kuyasoma maandishi ya leso nyingi na kucheka peke yake.

MJI WA KALE NA MZEE WA BARAZANI

Kutoka Ngomeni hadi Mji wa Kale ni hatua chache. Njia yake kubwa huitwa Ndia Kuu, kwa Kimvita, na kutoka hapo vichochoro hupenya kila upande. Humo umo Msikiti wa Mandhry, ulio mmojawapo wa misikiti ya zamani sana ya mji. Ibn Battuta wa Morocco, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wake walikuwa na dini na adabu, misikiti yao ilikuwa ya mbao, na mlangoni paliwekwa maji ya kuoshea miguu.

Hapo mwalimu alifanya kosa. Aliona mlango wa nakshi na wanawake wawili waliovaa buibui wakitoka, akainua simu yake awapige picha. Wanawake wakageuza nyuso. Mzee mmoja aliyeketi barazani akamwita kwa upole.

"Shikamoo, mzee," akasema mwalimu, huku amefadhaika.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti kitako. Na mama naye akaribie. Kwenu mgeni akija, hutazama nyumba kwanza au huwaamkia wenyewe kwanza?"

"Huwaamkia wenyewe, mzee. Nimekosa."

"Basi yamekwisha. Aliyekiri kosa hana deni. Sasa uliza utakalo."

Mwuza kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe. Mzee akawanunulia kahawa chungu na kashata, akawaeleza habari za nyumba.

Kuta za nyumba za kale ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na joto la jua huchelewa kupenya ndani. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hazina urefu mwingi, vyumba huwa vyembamba. Vichochoro vilifanywa vyembamba kwa makusudi, nyumba zitiliane kivuli na upepo wa bahari upate njia. Roshani za mbao huzuia jua, tena waliomo ndani huona nje wasionekane. Baraza ni mahali pa kumkaribisha mgeni bila ya kuwabughudhi wa ndani. "Nyumba hii," alisema mzee, "ilijengwa na watu waliolijua joto. Hawakushindana nalo; walilikwepa."

Kisha akaonyesha ng'ambo ya njia jengo la saruji, jembamba na refu, lenye madirisha madogo. Pale palikuwa na nyumba ya kale. Mbao zilioza, warithi hawakuwa na fedha za kuitengeneza, mlango wa nakshi ukauzwa, na nyumba ikabomolewa. Mji wa Kale umehifadhiwa kwa sheria, lakini sheria haitengenezi paa linalovuja. Matengenezo ya nyumba za namna hii ni ghali, na mafundi waijuao kazi hiyo hupungua. Hivyo mgeni anunuaye mahamri na mbaazi kwa mama wa mtaani, au amlipaye kijana mwenyeji wa kumwongoza, huwapa wenyeji sababu ya kuzitunza nyumba zao.

MAJI KUJAA NA KUPWA

Jioni waliteremka mpaka Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Oman, Uajemi na Bara Hindi yalikuwa yakija kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Asubuhi mke alikuwa ameona maji yamefika karibu na ngazi. Sasa yalikuwa mbali, na mashua zimelala ubavu. Ziwa lao halifanyi hivyo. Wavuvi wakamweleza kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na maji makuu, yaitwayo bamvua, huja mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu. Mara wakaanza kuulizana bei za samaki, nyavu na barafu. Mwalimu aliketi kimya akisikiliza, maana hapo mwalimu alikuwa mkewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, msafiri asifanye haraka. Mahali patatu alipopaelewa ni bora kuliko kumi na mbili alipopapita mbio. Pili, alihadhari joto na mbu. Tatu, asimpige mtu picha bila ya ruhusa yake. Nne, aamkie kwanza, aulize baadaye. Tano, mume na mke waulizane waliyoyaona, kwa maana macho mawili hayaoni sawa na manne.

Na lile swali la mabati? Waliporudi kwao, nyumba yao ilikuwa imefika kwenye kuta. Mwalimu alimwita fundi, akamwomba azidishe upana wa ukumbi wa mbele, aweke madirisha yanayokabiliana upande wa ziwa, na kutia dari chini ya mabati. Gharama haikuzidi sana, na mabati yakangoja mavuno. Siku hizi jua linapokuwa kali, jirani wale wale waliocheka huja kuketi kwenye baraza ile, upepo wa ziwa ukiwapita, na bibi mwenye nyumba, amejitanda leso yake ya Mombasa, huwasimulia habari za bahari iendayo na kurudi.